Zege Haliwaki Moto, Lakini Huharibika: Nyuzi Zinavyolisaidia Kustahimili Joto Kali

Wenye majengo, wakandarasi na wafanyabiashara wanashauriwa kufahamu athari za moto kwa zege, kazi ya nyuzi zinazochanganywa ndani yake, na hatua za kuchukua kabla ya kurudi katika jengo lililoungua.

Moto unapozimwa katika jengo la ghorofa au kwenye safu ya maduka, swali la kwanza la wapangaji na wenye mali huwa ni moja: tutarudi lini? Paa lililoteketea linaonekana. Milango na bidhaa zilizogeuka majivu zinaonekana pia. Lakini nguzo, boriti na slabu za zege mara nyingi hubaki zimesimama, nyeusi kwa masizi, na wengi huamini kwamba kuosha masizi na kupaka rangi mpya kunatosha.

Imani hiyo imejaa hatari. Zege haliwaki kama mbao, wala halitoi moshi wenye sumu kama plastiki. Hata hivyo, joto kali hulibadilisha kutoka ndani, na madhara yake hayaonekani kwa macho ya haraka. Katika miaka ya karibuni wahandisi wamekuwa wakichanganya nyuzi ndogo ndani ya zege ili kulipa uwezo zaidi wa kustahimili moto. Nyuzi hizo zina manufaa makubwa zikitumiwa panapofaa, ila zina mipaka yake.

Kinachotokea ndani ya zege

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Sehemu ya maji huungana na saruji na kuifanya iwe ngumu. Sehemu nyingine hubaki ndani ya vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na huweza kukaa humo miaka mingi baada ya jengo kukamilika.

Sifa kubwa ya zege ni kwamba hupitisha joto polepole. Upande wa nje unaweza kuwa umeshika moto mkali ilhali sehemu iliyo sentimita kumi ndani bado haijapata joto la kuidhuru. Ndiyo sababu jengo la zege lililojengwa vizuri huwapa watu muda wa kutoka na huwapa wazimamoto muda wa kufanya kazi.

Lakini moto wa jengo si moto wa jikoni. Katika kipimo cha kimataifa kinachotumiwa kwenye maabara za moto, tanuri hufikishwa takriban digrii 840 za Selsiasi baada ya dakika 30, takriban digrii 945 baada ya saa moja, na karibu digrii 1,050 baada ya saa mbili. Moto wa mafuta ya petroli hupanda kwa kasi zaidi na huweza kuzidi digrii 1,000 katika dakika chache.

Joto linapopanda ndani ya zege, mambo haya hutokea hatua kwa hatua:

Digrii 100 na kuendelea: Maji yaliyo ndani ya vitundu huanza kuchemka. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida huchukua nafasi ya takriban lita 1,700. Ndani ya zege nafasi hiyo haipo.

Kuanzia digrii 300: Zege la kawaida huanza kupoteza nguvu kwa kiasi kinachotia wasiwasi. Kokoto nyingi zenye madini ya chuma hugeuka rangi ya waridi au wekundu. Rangi hiyo humsaidia mhandisi kujua joto lilifika kina gani.

Digrii 400 hadi 500: Sehemu ya saruji iliyokwisha kuwa ngumu huvunjika na kuacha chokaa kavu. Chokaa hiyo ikipata maji baadaye, yawe ya mvua au ya bomba la zimamoto, huvimba na kuongeza nyufa. Kwa hiyo jengo linaweza kudhoofika zaidi siku kadhaa baada ya moto kuzimwa.

Digrii 573: Mchanga na kokoto zenye madini ya kwatzi huvimba ghafla na kupasua saruji iliyozizunguka.

Karibu digrii 600: Nondo zilizo ndani ya zege hubaki na takriban nusu tu ya nguvu zake wakati zikiwa moto. Hapo ndipo slabu huanza kulegea na kushuka katikati.

Kuanzia digrii 700 hivi: Kokoto za mawe ya chokaa, yakiwemo matumbawe yanayotumika katika ujenzi wa Pwani, huanza kugeuka chokaa. Wachomaji chokaa wa Pwani wamelitumia jambo hili kwa karne nyingi katika matanuri yao.

Kwa nini zege hupasuka na kurusha vipande

Madhara yaliyotajwa hapo juu huja taratibu. Kuna jingine linalokuja ghafla, na ndilo linalowatia hofu wazimamoto: zege hubanduka kwa kishindo na kurusha vipande. Mara nyingi hutokea mapema, katika nusu saa ya kwanza ya moto unaopanda kwa kasi.

Mfinyanzi yeyote anaijua hatari hii. Chungu kibichi kisipoanikwa kikakauka vizuri, kikiingizwa motoni hupasuka, kwa kuwa maji yaliyo ndani ya udongo hugeuka mvuke kabla ya kupata njia ya kutoka. Mpishi wa kuni naye anajua kwamba jiwe lililookotwa mtoni halifai kuwa figa siku hiyo hiyo. Zege lina tatizo la namna hiyo. Mvuke unasukuma kutoka ndani, huku uso wa zege ulioshika moto ukitanuka na kukazana dhidi ya sehemu ya ndani iliyo baridi. Nguvu hizo mbili zikiungana, tabaka la juu hung'oka.

Tabaka likishang'oka, nondo hubaki wazi mbele ya moto. Ulinzi wake umekwisha, na joto lake hupanda haraka. Wakati huo huo, tabaka jipya lililofunuliwa huanza kupata joto, nalo likabanduka vilevile.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba zege lenye nguvu nyingi ndilo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kubanduka. Zege hilo hutengenezwa kwa saruji nyingi na maji kidogo, kwa hiyo vitundu vyake ni vichache na vidogo sana. Hiyo ni faida katika kubeba mizigo na kuzuia chumvi au maji kupenya. Lakini moto ukija, mvuke hauna pa kupitia. Unyevu nao una uzito wake: mwongozo wa Ulaya wa usanifu wa majengo ya zege, unaojulikana kama Eurocode 2, unaichukulia hatari ya kubanduka kuwa ndogo pale ambapo unyevu wa zege la kawaida uko chini ya asilimia 3 ya uzito wake.

Funzo la handaki kati ya Uingereza na Ufaransa

Tukio lililowafanya wahandisi wengi duniani kulitazama suala hili upya lilitokea tarehe 18 Novemba 1996. Treni iliyobeba malori ilishika moto ndani ya handaki la reli linalopita chini ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Watu wote 34 waliokuwa ndani ya treni waliokolewa, lakini handaki lenyewe liliumia vibaya.

Kuta za handaki hilo zilikuwa za zege la kiwango cha juu, lililotengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, ukuta uliokuwa na unene wa takriban sentimita 45 ulibanduka tabaka baada ya tabaka, na katika sehemu zilizoathirika zaidi ulibaki na unene wa sentimita chache tu. Ubora wa zege haukuwa kinga dhidi ya mvuke uliokosa njia.

Reli ya mwendo kasi iliyojengwa baadaye kuunganisha handaki hilo na jiji la London, na kukamilika mwaka wa 2007, ilipita pia chini ya ardhi kwa sehemu ya safari yake. Safari hii, zege la kuta za mahandaki yake lilichanganywa nyuzi za aina mbili: za chuma na za plastiki. Kila aina ilikuwa na kazi yake.

Nyuzi za plastiki huyeyuka ili mvuke upite

Nyuzi za plastiki zinazotumika kukabili moto ni za polipropilini. Hii ni plastiki ile ile inayofumiwa magunia mengi ya mahindi na sukari. Kila uzi ni mwembamba kuliko unywele wa binadamu, na kwa kawaida una urefu wa milimita 6 hadi 12. Kilo moja ya nyuzi hizo huwa na mamia ya mamilioni ya nyuzi.

Kwa mtazamo wa haraka, kutia plastiki ndani ya zege ili listahimili moto ni jambo la ajabu. Maana yake iko katika kuyeyuka kwake. Polipropilini huyeyuka ikifika takriban digrii 160 hadi 170. Wakati huo mvuke ndani ya zege unazidi kujikusanya, lakini zege lenyewe bado lina nguvu zake nyingi. Uzi unapoyeyuka huacha kijia chembamba mahali ulipokuwa, na kuzunguka kijia hicho hutokea nyufa ndogo sana. Vijia hivyo vikiwa vingi huungana, na mvuke hupata njia ya kutoka kabla ya kufikia nguvu ya kupasua.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo. Eurocode 2 inataja zaidi ya kilo 2 za nyuzi hizo kwa kila mita moja ya ujazo ya zege lenye nguvu za juu kabisa. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban kilo 2,400, kwa hiyo nyuzi ni chini ya moja kwa elfu ya uzito wote.

Wanunuzi wanapaswa kuwa makini hapa. Ziko nyuzi nyingine za plastiki, nene na ndefu zaidi, ambazo huuzwa kwa ajili ya kupunguza nyufa sakafuni. Nyuzi hizo zinafaa kwa kazi yake, lakini haziwezi kuchukuliwa kuwa kinga ya moto. Kinachofungua njia ya mvuke ni wingi wa nyuzi nyembamba zilizosambaa kila mahali.

Nyuzi za chuma hushikilia nyufa

Nyuzi za chuma ni fupi, mara nyingi milimita 30 hadi 60, na nyingi hupindwa nchani ili zishike vizuri. Hutiwa kwa wingi zaidi, mara nyingi kati ya kilo 20 na 40 kwa kila mita ya ujazo. Hutumika katika sakafu za maghala na viwanda, katika kuta za mahandaki, na mahali pengine ambapo mizigo mizito hupita.

Zege likipasuka, nyuzi hizi hukaa katikati ya ufa kama mishono ya nguo na kuzuia pande mbili zisiachane. Chuma hakiyeyuki katika joto la moto wa kawaida wa jengo, hivyo zege lenye nyuzi hizo hubaki limeshikana zaidi hata baada ya kupata joto la digrii mia kadhaa. Nyuzi zilizo karibu na uso ulioungua hudhoofika, lakini zile za ndani huendelea na kazi.

Hata hivyo, nyuzi za chuma peke yake haziondoi hatari ya kubanduka, kwa sababu hazifungui njia ya mvuke. Nazo nyuzi za plastiki peke yake hazishikilii zege lililopasuka, maana zimekwisha kuyeyuka. Ndiyo sababu miradi yenye hatari kubwa huchanganya zote mbili.

Mkonge je? Nyuzi za mkonge, zao linalolimwa Kilifi na Taita Taveta miongoni mwa maeneo mengine, zimewahi kutumika nchini katika vigae vya saruji vya kuezekea. Watafiti wamejaribu pia nyuzi za mimea, kama juti, dhidi ya kubanduka, na kuona kwamba zinaweza kusaidia kutoa mvuke. Tatizo ni kwamba saruji ina ukali unaozila nyuzi za mimea kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo haifai kuzitegemea katika nguzo au slabu bila usanifu na majaribio ya kitaalamu.

Je, nyumba ya kawaida inahitaji nyuzi?

Kwa nyumba nyingi za makazi na maduka ya ghorofa chache, zinazojengwa kwa zege la nguvu ya kawaida, jibu ni hapana. Mwenye nyumba hatakiwi kuuziwa nyuzi kama dawa ya kila kitu. Kwanza ahakikishe kwamba mambo ya msingi yamefanywa sawasawa.

La kwanza ni unene wa zege linalofunika nondo. Tabaka hilo ndilo ngao ya nondo dhidi ya moto na kutu. Mhandisi huonyesha unene wake kwenye michoro, na fundi huupata kwa kuweka vipande vya saruji ambavyo katika maeneo mengi ya ujenzi huitwa biskuti. Nondo zikilazwa juu ya mbao bila biskuti, zege huzifunika kwa unene mdogo sana upande wa chini, na moto wa chumba cha chini huzifikia mapema.

La pili ni maji. Kuongeza maji kwenye zege ili liwe rahisi kumwaga hulidhoofisha, iwe kuna moto au hakuna. Kosa hili huongezeka nyuzi zinapotumika, kwa sababu nyuzi hufanya zege liwe zito kuchanganyika na fundi hushawishika kutia ndoo nyingine ya maji. Dawa sahihi ni mpango wa mchanganyiko uliotengenezwa na mtaalamu, pamoja na kemikali za kulainisha zege pale zinapohitajika. Nyuzi nazo zitiwe kidogo kidogo mashine ikizunguka, la sivyo zitajikunja na kuwa mabonge.

La tatu ni muda. Zege jipya limejaa maji. Jengo ambalo bado linajengwa, na ambamo mafundi wanachoma vyuma au kuhifadhi mafuta, linahitaji tahadhari ya moto kama jengo linalokaliwa.

Nyuzi huwa na maana zaidi katika mahandaki, maegesho ya magari ya chini ya ardhi, majengo marefu yenye nguzo za zege la nguvu ya juu, na sehemu za kuhifadhi mafuta au gesi. Hata huko, mhandisi anapaswa kudai majaribio ya tanuri kwa mchanganyiko ule ule utakaotumika. Kokoto za mahali pamoja si sawa na za mahali pengine, na matokeo hutofautiana.

Hatua za kuchukua baada ya moto

Iwe jengo lina nyuzi au halina, moto mkubwa ukipita hapana budi lichunguzwe. Nyuzi za plastiki zikishayeyuka hazirudi. Vijia vyake hubaki, na sehemu iliyoungua haina tena kinga ile ile. Zege lililopoteza nguvu kwa joto nalo halizirudishi linapopoa. Nondo za kawaida huweza kurudisha sehemu kubwa ya nguvu zake zikipoa iwapo hazikuzidi digrii 600 hivi, lakini ni uchunguzi tu unaoweza kuthibitisha hilo.

Wakazi na wenye majengo wanashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Wasiingie ndani, hata kuokoa mali, kabla ya maafisa wa zimamoto kuruhusu. Vipande vya zege huweza kuanguka saa nyingi baada ya moto kuzimwa.

2. Wasipige plasta wala kupaka rangi kabla ya ukaguzi. Rangi ya zege, nyufa na sehemu zilizobanduka ni ushahidi ambao mhandisi anauhitaji. Plasta ikishapigwa, ushahidi huo umefichwa.

3. Wamtafute mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Atagonga zege kwa nyundo kusikiliza sehemu zinazolia kitupu, atapima slabu zilizolegea, na panapohitajika atakata vipande vya zege na vya nondo vikapimwe maabara.

4. Wapate kibali cha kaunti kabla ya kazi ya ukarabati wa nguzo, boriti au slabu, na kazi hiyo ifanywe na mkandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA.

5. Wapangaji waombe kuonyeshwa ripoti ya ukaguzi kabla ya kurudi. Kodi ya miezi michache haiwezi kulinganishwa na maisha ya waliomo ndani.

Kwa wanaojenga upya, huu ndio wakati wa kurekebisha mengine yaliyochangia moto kuenea: nyaya za umeme zilizounganishwa kiholela, ngazi zilizozibwa kwa bidhaa, na njia ambazo gari la zimamoto haliwezi kupita.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Jukumu hilo hutimia vyema wananchi wanaposhirikiana na maafisa kabla ya moto na baada yake. Mwenye shaka kuhusu usalama wa jengo lolote lililowahi kuungua, hata kama ni miaka iliyopita, anaombwa kufika katika ofisi ya msimamizi wa wadi yake au idara ya kaunti inayosimamia ujenzi. Moto ukizuka, simu ya dharura ni 999 au 112.